Pacha wa Mikondo Miwili

Nguo ya muuguzi ilikatwa mikono mifupi, na mwenyewe hakutaka kusikia maelezo. Aliitandaza juu ya meza ya kukatia, akachomeka kidole pale begani, akauliza kama siku hizi fundi anashona kwa ndoto.

"Niliandika mikono mirefu. Tena kwa herufi kubwa, ili hata mtoto aelewe."

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, aliitafuta karatasi ya maagizo kwenye msumari ukutani. Ni kweli, herufi zilikuwa kubwa: MIKONO MIREFU, KOLA YA DUARA, ZIPU MGONGONI. Siku tatu nyuma, mikono yake ikiwa imebana kitambaa chini ya sindano, alikuwa amemwambia binti yake amsomee karatasi ile. Binti aliisogeza karibu na uso akasema bila kusita: mikono mifupi, kola ya duara, zipu mgongoni. Kola na zipu alipatia kwa sababu muuguzi hakuwahi kutaka vingine. Mikono alibahatisha.

Muuguzi aliondoka na nguo yake kwapani, akiapa kwamba hatarudi. Mama Pacha alimwita binti.

Huyu aliitwa Kidoti, kwa sababu ya doa dogo jeusi chini ya jicho la kushoto. Bila doa hilo watu wa nje wasingeweza kumtofautisha na pacha wake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kusema mfululizo tangu alipoota meno. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na moja, wote darasa la tano, shule moja, Chiriku mkondo A na Kidoti mkondo B.

Mama aliweka boksi la nyuzi mbele yake. "Nisomee hapa."

Kidoti alilitazama boksi. "Siku moja," alianza, "bibi alikwenda sokoni kununua..."

Yalikuwa maneno ya kitabu cha Chiriku. Kila jioni Chiriku alisoma kwa sauti, na Kidoti, kumbe, alikuwa anayameza yote kwa masikio. Mama aliweka kidole chini ya neno moja kwenye boksi. "Hili?"

"Sokoni."

Neno lilikuwa "sindano".

Mama Pacha alivuta kiti akakaa. "Nani mwingine anajua?"

"Chiriku. Na darasani kwetu wanajua." Kidoti aliinamisha kichwa. "Lakini hawanicheki. Hata wao hawawezi."

Mama alifungua kabati akazitoa ripoti za shule. Za miaka minne, kila muhula: Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri. Wino ule ule, mwandiko ule ule.

Asubuhi yake alifunga duka akaenda shuleni. Darasa la tano B lilijaa mpaka mlangoni. Watoto walikaa wanne wanne kwenye madawati ya wawili, na waliokosa walikaa sakafuni wakiandikia mapajani. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyeshika rula ya mita nzima. Watoto walimwita Mwalimu Rula. Hakuwapiga nayo. Aliitumia kumnyooshea mtoto wa katikati ambaye hakuwa na njia ya kumfikia.

Alitoka nje baada ya Mama Pacha kusimama mlangoni robo saa nzima.

"Mwanangu hawezi kusoma," alisema Mama Pacha.

"Najua."

"Unajua? Na hapa umeandika anaendelea vizuri."

Mwalimu Rula hakuigusa ripoti. "Huo ni mwandiko wangu? Ripoti zinajazwa ofisini. Nenda ofisini."

"Wewe ndiye mwalimu wake. Tangu Januari yuko mbele ya macho yako."

"Mbele ya macho yangu?" Mwalimu aliigeuza rula akaelekeza nyuma, darasani, bila kuangalia. "Wewe una wawili. Mmoja kati ya wawili hajui kusoma na imekuchukua miaka minne kugundua. Mimi nina mia moja na kumi na wanne. Unataka nikuombe msamaha kwa kipi?"

Maneno yale yalimchoma Mama Pacha kiasi kwamba alipofika mlango wa ofisi hakukumbuka kubisha hodi.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamume wa koti lililopigwa pasi, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake mezani kila mtu akisema jambo asilolipenda. Nyuma ya kiti chake palibandikwa jedwali la matokeo ya mitihani, limeandikwa kwa rangi tatu. Mama Pacha alilisoma amesimama. Lilikuwa jedwali la mkondo A peke yake.

"Mama, tusidanganyane," alisema mwalimu mkuu. "Watoto hawalingani uwezo. Mkondo B ni wale ambao nyumbani hakuna anayefuatilia. Mzazi hajali, mtoto atajali vipi?"

"Mimi ni mzazi wa mkondo B."

"Ndiyo hayo ninayosema."

"Na ni mzazi wa mkondo A. Wangu ni pacha. Nyumba moja, taa moja, mama mmoja. Mmoja anawasomea wageni gazeti, mwenzake hatofautishi sindano na sokoni. Sasa niambie, hapo nyumbani kwangu nani hafuatilii?"

Mwalimu mkuu alipanga kalamu. Alikuwa hajui kwamba ni pacha.

"Hata pacha hutofautiana," alisema hatimaye.

"Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza nilikuwepo. Mwalimu alisema hawa watanichanganya, akamshika aliyesimama kulia akampeleka chumba hiki, wa kushoto akampeleka kile. Uwezo aliupimia wapi? Kwenye mkono?"

"Mama." Sauti ya mwalimu mkuu ilishuka ikawa ya upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Una mtoto mkondo A. Darasa lile lina watoto hamsini na wawili tu, na kila wiki kuna mzazi anagonga hapa akiitaka nafasi. Ningekuwa wewe, ningekaa kimya nikamshukuru Mungu."

Nyumbani, mumewe, fundi wa kupaka rangi, alimsikiliza huku akisugua rangi nyeupe kwenye kucha. Akasema maneno yale yale kwa njia nyingine. "Mmoja wetu amepata. Huyu mwingine tutamfundisha wenyewe. Usiwachokoze, watatutolea hasira kwa watoto."

"Na wale mia moja na kumi na watatu?"

"Wana mama zao."

Siku ile na siku iliyofuata walizungumza mambo ya chumvi na maji tu.

Jumamosi, Mama Pacha alisukuma cherehani ukutani akapanga viti viwili. Wifi yake, msusi mwenye chumba cha pembeni, alikuwa amewatangazia wateja wake wote: mwenye mtoto darasa la tano amlete asome, dakika mbili tu. Walichukua ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la pili, sentensi sita kuhusu kuku na vifaranga. Mtoto aliketi, akasoma, akaondoka. Wifi aliandika majina kwenye karatasi ya kahawia ya kukatia ruwaza za nguo, safu mbili: anaweza, hawezi.

Walifanya hivyo Jumamosi mbili. Watoto ishirini wa mkondo A walikuja, wakasoma kumi na tisa. Wa mkondo B walikuja arobaini, wakasoma tisa. Wengine walishika kitabu kwa mikono miwili, wakavuta pumzi kana kwamba wanataka kupiga mbizi, kisha hawakutoa neno. Mama mmoja, muuza mikate, aliposikia ukimya wa mwanawe alimpiga kofi la mgongo. Wifi alimshika mkono. "Usimpige huyu," alisema. "Hakujipeleka mwenyewe mkondo B."

Chiriku alikuwa kwenye kona, akifanya hesabu zake. "Unawaaibisha wenzetu, Mama," alisema bila kuinua kichwa.

Jumatatu walikuta karatasi imebandikwa mlangoni mwa duka: SHONA NGUO, SHULE WAACHIE WENYE SHULE. Wateja watatu walikuja wiki hiyo kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijaguswa. Mmoja alikuwa mke wa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Mwenyekiti mwenyewe aliuza dawa barabarani pale. Watu walimwita Daktari, kwa utani mwanzoni, mpaka mwenyewe akasahau kwamba ulikuwa utani. Mwanawe alikuwa mkondo A. Wazazi wa mkondo ule walikuwa wamejichangia kidogo kidogo wakaleta madawati, wakatia vioo, wakamtafutia mwalimu wao feni. Walilipenda darasa lile kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Mkutano wa wazazi ulifanyika saa nane mchana, katika vyumba viwili vilivyoondolewa ukuta wa mbao. Joto lilikuwa kali na viti havikutosha. Afisa elimu alialikwa, akakaa mbele akijipepea na jalada. Watoto walijazana madirishani kusikiliza, wakafukuzwa, wakarudi.

Mama Pacha alisimama na karatasi yake ya kahawia. Wifi alishika pembe moja, yeye nyingine. Alisoma hesabu mara moja tu, kisha akasema, "Naomba darasa la tano lichanganywe. Mia moja na kumi na nne na hamsini na mbili ni mia moja sitini na sita. Tukigawa sawa, ni themanini na watatu kila chumba. Bado ni wengi. Lakini ni sawa."

Kelele zilianzia upande wa kulia, walikokaa wazazi wa mkondo A.

"Nani amekupa ruhusa ya kuwapima watoto wa watu?" aliuliza Daktari. Alisimama, mikono kiunoni. "Wewe ni mwalimu? Una cheti? Unakaa kwenye cherehani unaamua nani anajua na nani hajui. Kama wa kwako mmoja ni mzito, huo ni msiba wa nyumba yako. Usitugawie sote."

"Mwambie," alisema mtu nyuma yake.

"Mkitaka kusaidia mkondo B, leteni madawati kama tulivyoleta sisi. Mmelala, sasa mnataka jasho la wenzenu."

"Nani kalala?" Muuza mikate alikuwa amesimama juu ya benchi. "Mimi naamka kabla ya jogoo wako, we muuza vidonge. Rudia tena hiyo ya kulala."

Watu wakasukumana. Mtu alimvuta Mama Pacha bega kutoka nyuma, na karatasi ikachanika katikati, jina la mtoto mmoja likabaki nusu huku na nusu kule. Afisa elimu aligonga meza. Mwalimu mkuu alisimama akasema kwa utulivu kwamba zoezi lile halikuwa rasmi, kwamba watoto walitishwa, na kwamba mwalimu wa darasa yuko hapa na anaweza kuwaeleza ukweli.

Mwalimu Rula alisimama. Mama Pacha alitazama sakafu.

"Huyu mama simpendi," alisema Mwalimu Rula. "Alikuja mlangoni kwangu mbele ya watoto wangu akanifokea. Sikumpenda siku ile na leo bado. Na hesabu zake zina makosa."

Upande wa kulia walipiga makofi.

"Aliwapima arobaini. Hao ni wale wenye mama wa kuwaleta. Wale wasioletwa ndio wenye hali mbaya zaidi." Alifungua daftari lenye jalada lililofungwa kwa gundi ya karatasi. "Mimi nimewapima wote. Kila muhula, mmoja mmoja. Mia moja na kumi na wanne. Wasioweza kusoma sentensi moja ni themanini na watano. Nimeandika majina. Kila muhula nimepeleka nakala ofisini, na kila muhula ripoti zimetoka ofisini zimeandikwa anaendelea vizuri. Nakala zangu zina sahihi ya kupokelewa. Afisa, unaweza kuangalia."

Aliweka daftari mezani akakaa. Hapakuwa na makofi. Mwalimu mkuu alitafuta kalamu za kupanga, lakini mbele yake mezani hapakuwa na kalamu hata moja.

Afisa elimu alisoma kurasa nne, tano. Aliuliza tarehe moja, akaonyeshwa sahihi. Hakumtazama mwalimu mkuu hata kidogo alipofunga lile daftari. "Jumatatu," alisema, "mikondo ichanganywe."

"Haiwezekani," alisema Daktari.

"Imekwisha kuwezekana. Kaeni chini."

Daktari hakukaa. Alimgeukia Mama Pacha, na safari hii hakupaza sauti. "Sawa. Lakini wa kwanza kutoka A awe wako. Si mwana wangu, si wa mwingine. Wako. Tukuone hapa mbele yetu unasema ndiyo."

Mama Pacha aligeuza shingo akaona dirishani, katikati ya vichwa vya watoto, uso wa Chiriku. Haukuwa na doa. Chiriku alikuwa anatikisa kichwa, polepole, hapana, hapana.

"Aanze wangu," alisema Mama Pacha.

Jumatatu Chiriku alibeba mkoba wake kutoka chumba kimoja akaingia kingine, akakaa sakafuni. Jioni alikuja dukani akasimama mbele ya cherehani mpaka mama alipoinua mguu kwenye pedali.

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Kidoti hajui kusoma. Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi mbona nimeadhibiwa?"

Akafungasha nguo zake mbili tatu akahamia kwa shangazi yake, yule msusi, mlango wa pili. Alipita mbele ya duka la mama kila asubuhi akiangalia mbele kama askari. Baba yao hakusema "nilikwambia". Alikula chakula chake, akamtazama mkewe, akaondoka kwenda kazini na ngazi yake begani, na huko kutazamwa kulimuuma Mama Pacha kuliko ugomvi.

Watoto kumi na mmoja wa mkondo A walihamishwa shule na wazazi wao ndani ya mwezi ule, mtoto wa Daktari akiwa wa kwanza. Wengine walibaki kwa manung'uniko. Feni iling'olewa na walioinunua, ikabaki nyaya mbili zinaning'inia darini. Mwalimu mkuu aliendelea kukaa kwenye kiti chake, akisubiri barua ya kumwondoa ambayo kila mtu alisema iko njiani. Kila alipokutana na Mwalimu Rula koridoni alimwamkia kwa heshima kubwa mno, na wiki hiyo hiyo akampangia zamu ya geti siku tano mfululizo.

Mwalimu Rula alishika zamu. Mchana, baada ya masomo, aliwachanganya uwanjani watoto wa vyumba vyote viwili, akawapanga si kwa umri wala mkondo bali kwa walichoweza: wa herufi huku, wa maneno pale, wa sentensi kule. Wazazi wanane walikuja kusaidia, wakiwemo muuza mikate na msusi. Mama Pacha alipewa kundi la herufi, lenye watoto ishirini na sita. Siku ya kwanza alimwinamia mtoto mmoja akamtajia neno.

"Usimtajie," alisema Mwalimu Rula kutoka upande wa pili wa uwanja. "Ukimtajia unasoma wewe."

"Anateseka."

"Mwache ateseke kidogo. Nguo unamshonea, kusoma humsomei."

Walifanya kazi hivyo muhula mzima, wakisemeshana kwa kufoka. Kidoti alisoma kwa hasira. Alishika neno, akalipigania, na mtu akijaribu kumsaidia alimsukuma kwa kiwiko. Mwisho wa muhula alikuwa amefika kundi la sentensi, akisoma polepole huku shingo imekaza, na hakutaka kupongezwa. Kati ya wale themanini na watano, thelathini na wanne walikuwa wamevuka. Mwalimu Rula alisema ni wachache. Hakuna aliyembishia.

Chiriku alikuwa akishika nafasi ya pili kila muhula. Safari hii alikuwa wa kumi na nne. Alileta ripoti mwenyewe, akaiweka juu ya kitambaa kilichokuwa kinakatwa.

"Umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Basi nirudishe."

"Pa kukurudisha hapapo tena, mwanangu."

"Ulipavunja wewe."

"Ndiyo," alisema mama. "Nilipavunja mimi. Na ningepavunja tena."

Chiriku alichukua ripoti yake akaikunja mara mbili. Alirudi nyumbani wiki hiyo, kwa sababu shangazi alikuwa na wageni. Alilala kitanda kimoja na Kidoti kama zamani. Kwa mama alijibu alipoulizwa, na hakuongeza neno. Nyumba iliyozoea domo lake ilisikika kama nyumba ya watu wengine.

Muhula mpya ulipofunguliwa ulifanyika uchaguzi wa kamati. Mama Pacha alishinda uenyekiti kwa tofauti ya kura nne. Nusu ya ukumbi ilitoka nje kabla matokeo hayajamalizika kusomwa, na mmoja wao alitema mate kizingitini, karibu na kiatu cha Mama Pacha.

Alipobaki peke yake na meza, Mwalimu Rula alimfuata. Hakumpongeza. Alimkabidhi karatasi yenye majina tisa.

"Hawa hawajaonekana tangu shule ifunguliwe," alisema. "Wote walikuwa kundi lako. Sasa ni kazi yako."

"Twende wote."

"Nina zamu ya geti."

"Saa kumi geti linafungwa. Nitakusubiri."

Saa kumi na dakika tano walitoka pamoja, mwalimu mbele na fundi nyuma, kwa sababu hawakuwa na hamu ya kutembea sambamba. Mlango wa kwanza ulikuwa wa bati, kwenye uchochoro nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwanamume aliyefungua alikuwa na macho mekundu na fulana iliyotobolewa na cheche. Aliziba mlango kwa mwili wake.

"Mnataka nini?"

Ndani, nyuma ya kiwiko chake, msichana alikuwa ameinamia beseni la nguo.

Mwalimu Rula alimgeukia Mama Pacha. "Sema wewe," alisema. "Kusema ndiko unakokujua."

Mama Pacha akasogea mbele, akaweka mguu mmoja ndani ya kizingiti, akaanza kusema.